Naomba ushauri: mdogo wangu ajieleze au akae kimya?

Wakuu habari zenu, juzi nimecheki muvi ya Dream Scenario ya 2023, ile Nicolas Cage ni profesa Paul anayeanza kutokea kwenye ndoto za watu wasiomjua, mwanzoni anapita tu anakuwa maarufu, baadaye humo ndotoni anageuka katili na watu wanamchukia kweli wakati yeye hajawafanya kitu. Anarekodi video ya kuomba radhi huku analia, ndo anaharibu kabisa. Imeniuma sana maana mdogo wangu kuna klipu yake imekatwa ikasambaa, anatukanwa na watu hata hawamjui, sasa anataka arekodi video ajieleze. Mi naogopa yatakuwa yaleyale ya Paul. Mliopitia hii, mlijibu au mlinyamaza mpaka ikapoa?