Kambi ya uvuvi Pakwach inalisha mamba kila jioni, na kijiji kinateka maji chini yake

Wakuu, nimejizuia siku nne kuandika huu uzi kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu ya wenye kambi. Leo asubuhi yamekuja: "Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna cha kurudisha." Basi naandika.

Mimi ni mtu wa Ukerewe, nina mwaka wa saba Kampala, kazi yangu gereji. Nimezaliwa nyumba ya wavuvi. Babu yangu alikuwa na amri moja ambayo ukiivunja unachapwa mbele ya watu: matumbo ya samaki hayatupwi pale watu wanapoteka maji. Unayabeba kwenye ndoo, unayafukia shambani. Tulikuwa tunalalamika kwamba yananuka na shamba liko mbali. Alikuwa anajibu neno moja tu, akimaanisha mamba: "Anasikia."

Sasa hiyo kambi. Iko Uganda, ukingo wa magharibi wa Albert Nile, yaani Mto Nile ukitoka Ziwa Albert, kusini mwa daraja la Pakwach. Ng'ambo ni hifadhi ya Murchison, huku ni vijiji vya watu. Tulilipa shilingi 380,000 za Uganda kila mmoja kwa usiku mbili: mimi, shemeji yangu, na mwanawe wa miaka 9 ambaye alikuwa anahesabu siku tangu shule ifungwe. Nilitamani sana aone sangara kwenye mto wake wa asili. Kule kwetu Ziwa Victoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950. Huku Ziwa Albert na Nile chini ya maporomoko ya Murchison ndiko kwao. Waganda wanamwita mputa.

Tumefika saa tisa. Mahema manne yamepangwa mstari kando ya maji. Nikapima kwa miguu kutoka mlango wa hema letu: hatua tisa. Pembeni ya hema la mwisho nyasi zimelala, na ukingo umesuguliwa mpaka udongo unang'aa. Katikati kuna mfereji wa tumbo la mamba, mpana kama kifua changu, na huku na huku alama za kucha. Nikachuchumaa nikaingiza kidole kwenye alama moja. Ilikuwa mbichi, ina maji ndani. Nikamwita kijana wa kambi.

"Mzee, hiyo ni ya zamani."

Ya zamani, na jua la Pakwach linavyochoma?

Nikaomba hema letu lisogezwe juu. Akasema wateja wanalipia kulala karibu na maji. Kaskazini mwa Australia, ambako nako wanaishi na mamba wakubwa, mamlaka zinashauri hema likae mita 50 kutoka majini, samaki asipasuliwe ukingoni, na usirudi kuteka maji mahali pale pale. Wala siyo siri ya Australia. Mvuvi yeyote wa Albert angewaambia bure kama wangemuuliza.

Halafu nikaona meza yao. Ni mtumbwi mbovu uliopinduliwa, nusu uko nchi kavu, nusu majini. Magamba yamekaukia juu yake tabaka juu ya tabaka, mengine makubwa kama sarafu ya shilingi 500. Samaki wa wateja wote wanapasuliwa pale, kila siku, saa ile ile, na matumbo yanasukumwa mtoni kwa ubao. Wale wa kesho wanaachwa hai majini, wametungwa kwenye kamba iliyofungwa kwenye mzizi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mimi nafunga mizigo kwenye gari, mpishi akamtuma dogo wetu kuosha sufuria. Mtoto wa mtu, mgeni, hajui ule mto! Nilipogeuka amechuchumaa mtoni, hatua tatu kutoka kwenye ile kamba. Nikaanza kukimbia kabla sijaona kitu chochote. Kamba ikavutwa. Hakukuwa na mlio wala maji kuruka juu kama watu wanavyodhani. Mzizi ulipinda, kamba ikakatika, ukatokea mgongo, ukazama. Nilimdaka dogo kwa shati tukaanguka wote kwenye tope. Sufuria ikazunguka taratibu ikaenda na maji.

Yule kijana akaja anatembea. Hakuwa na haraka. Akasema, "Huyo tunamjua, mzee. Huja kila jioni."

Wakuu, hilo ndilo limenifanya niandike. Wanamjua! Wanajua saa anayokuja. Na kesho yake walipasua samaki pale pale.

Mamba wa Nile anafika mita 5, na anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa akikungoja. Lakini hatari yake kubwa ni kwamba anashika mazoea. Anaangalia nani anakuja ukingoni, saa ngapi, anainama wapi. Ukimpa chakula mahali pamoja kila jioni, umemfundisha kwamba mtu akiinama majini kuna kula. Baada ya hapo hachagui kati ya mvuvi na mtoto mwenye jerikani.

Usiku tulilala ndani ya gari. Nilipomulika tochi mtoni nikahesabu jozi nne za macho mekundu mbele ya mahema, na watu wamelala humo. Niliwaamsha. Familia moja ilihama, wengine wakaniambia nimewaharibia usingizi. Alfajiri kinyesi cha kiboko kilikuwa kimetapakaa nyuma ya choo, kumbe kambi imekaa pia kwenye njia yao ya malisho. Hilo siliendelezi, lina uzi wake.

Asubuhi nilifuata ukingo kwenda chini, hatua kama mia mbili. Hapo ndipo kijiji kinateka. Nilimkuta mama mmoja amesimama mbali na maji, anarusha jerikani iliyofungwa kwenye mti mrefu, anaivuta. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akaitikia vizuri. Nikamuuliza kama siku zote wanateka hivyo.

"Hapana, baba. Zamani tulikuwa tunaingia tu, hata kufua. Tangu hiyo kambi ije, mbuzi wangu wawili wameenda. Watoto nimewakataza kufika hapa."

"Mmewaambia wenye kambi?"

"Wanasema mto ni wa mamba."

Sina ugomvi na mamba. Mto ni wake kweli, alikuwepo kabla yetu. Kule nyumbani tulikuwa tunasimika miti majini kuzunguka mahali pa kutekea, tunaishi naye. Lakini mwaka 2005 kule Luganga, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, walimkamata yule mamba waliyempa jina Osama, karibu mita 5, baada ya kijiji kuzika watu miaka na miaka. Mimi sitaki Pakwach ipate wa kwake kwa sababu watu fulani wameona uvivu kubeba ndoo ya matumbo.

Hela yangu wakae nayo. Ninachodai ni mahema yapande juu, ule mtumbwi uchomwe, matumbo yafukiwe, na wakijengee kile kijiji uzio wa kutekea maji kwa gharama yao. Malalamiko nimeyapeleka kwa maandishi wilayani, pamoja na picha za ule mfereji na za magamba.

Jumamosi hii wana kundi jingine, nimesikia ni familia zenye watoto kutoka Kampala. Kama kuna ndugu yako anakwenda kuvua Pakwach wikiendi hii, mpigie leo, umuulize hema lake liko hatua ngapi kutoka majini.