Betri mpya, pawa benki au nibadili simu kabisa? Nilinganishieni wadau, niko Kigoma

Mama Dagaa Kibirizi
Habari za mchana wakuu. Naombeni mnisaidie kuamua maana hela ni moja na mawazo ni manne. Mi nafanya biashara ya dagaa, mzigo nanunua Mwamgongo na vijiji vya huko juu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wateja wangu wako Dar na Tabora, napiga picha dagaa wakiwa wameanikwa natuma WhatsApp, mtu akipenda anapiga tunaelewana bei anatuma hela na mimi naandaa mzigo. Yaani simu ndo duka lenyewe. Sasa hii simu yangu betri yake 5,000 mAh (kile kipimo cha ujazo wa chaji), nina miaka miwili na kidogo nayo, zamani ilikuwa inanifikisha usiku bado ina chaji, siku hizi natoka nyumbani saa 12 asubuhi imejaa 100 ikifika saa 8 mchana iko 15 kile kibetri kishakuwa chekundu.

Juzi mteja wa Kariakoo kanipigia niko pale pale kwenye vichanja Mwamgongo, tunavutana bei ya gunia nne, simu ikazima. Boti ikanifikisha Kibirizi jioni, nachomeka chaji nakuta meseji zake tatu, ya mwisho anasema samahani mama nimeshachukua kwa mwingine. Iliniuma sana.

Niliyonayo mezani ni haya: kubadili betri fundi kaniambia 25,000, pawa benki ya 10,000 mAh nimeona 35,000, simu mpya ya 6,000 mAh hapo lazima nijikusanye mpaka kama 300,000, au nibaki na hii hii nirekebishe setingi. Aliyewahi kupita njia mojawapo aniambie ukweli wake.

Kijana wa Ujiji
Shikamoo mama. Mi nakushauri pawa benki moja kwa moja, ninayo mwaka wa pili hainiangushi. Ila ujue kitu kimoja kabla hujalipa, ile 10,000 iliyoandikwa juu haimaanishi utajaza simu yako ya 5,000 mara mbili. Hiyo namba ni ya betri zilizomo ndani ambazo umeme wake ni volti 3.7, kikitoka kwenye waya kinapandishwa mpaka volti 5 na hapo kingine kinapotea kama joto, ndo maana pawa benki ikifanya kazi unaisikia ina uvuguvugu. Utajaza mara moja na nusu hivi. Kwako inatosha sana maana wewe shida yako ni mchana mmoja tu. Na ukiona inauzwa imeandikwa 50,000 halafu inaingia mfuko wa shati, achana nayo, huo ujazo hauwezi kukaa kwenye kitu chepesi vile.

Fundi Mwanga
Mama subiri kwanza usinunue chochote. Mi ni fundi simu hapa Mwanga mwaka wa tisa, wateja wengi wanakuja "fundi nibadilishie betri" na betri yao nzima kabisa, nikiwabadilishia nakula hela yao na baada ya wiki wanarudi na kilio kile kile. Kuna vitu viwili tofauti, betri iliyochoka na betri inayoliwa, na dawa zake hazifanani.

Betri iliyochoka utaijua hivi: asilimia zinaruka, ilikuwa 40 ghafla 12. Au inazima ikiwa 20, ukichomeka inawaka inakuonyesha 30. Au kioo kimeanza kunyanyuka pembeni, mfuniko wa nyuma haukai, hiyo imevimba, na ikivimba usiichaji tena hata siku moja, usiibonyeze, usiitoboe, ilete kwa fundi. Hizi betri za lithiamu hazina ugonjwa wa ghafla, zinachakaa kidogo kidogo kwa kuhesabu mizunguko, betri nyingi za simu zikishachajiwa kama mara 500 kutoka sifuri mpaka 100 zinabaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake ya mwanzo. Kwahiyo simu ya miaka miwili imepungua ndio, lakini kupungua huko pekee hakuwezi kukutoa kwenye usiku mpaka saa 8 mchana. Kuna kitu kinaila.

Fanya jaribio hili bure. Leo usiku jaza mpaka 100, washa ile alama ya ndege inayozima mtandao wote, weka pembeni mpaka asubuhi. Kesho usiku fanya hivo hivo ila laini na data viwe vinafanya kazi kama kawaida. Halafu uje utuambie namba.

Mvuvi wa Giza
Fundi kaongea. Na mimi nishamuona mwizi kabla jaribio halijafanyika, maana huko Mwamgongo napajua na hii kitu ishanisumbua miaka. Mwizi ni mtandao.

Sikiliza dada. Simu na mnara ni kama watu wawili wanaoongea, wakiwa karibu wananong'ona, wakiwa mbali wanapiga kelele, na kelele inakula pumzi. Kuanzia ukiacha Kibirizi kwenda juu ile milima ya Gombe inashuka mpaka majini, vijiji vimejibana chini yake, mnara mara uko mara haupo, sasa simu ikiwa na kijiti kimoja cha mtandao inapandisha nguvu ya kurusha ili isikike, na kikikatika kabisa ndo mbaya zaidi maana inaanza kuzunguka kutafuta, inatafuta 4G inakosa inashuka 3G inakosa inaanza upya, na wewe umeiweka mfukoni unadhani imelala. Ishike mkononi saa hizo utaikuta ina joto wakati hujagusa kitu. Na una laini mbili si ndio? Basi wanaopiga kelele ni wawili.

Afu kuna la pili watu wa bara hawalijui. Ukisogea Kagunga, au usiku ukiwa mbali ziwani, simu inadaka minara ya Burundi na ya Kongo, unapata meseji unakaribishwa Burundi na hujavuka mpaka, mara inarudi Tanzania mara inaenda tena. Kila ikihama ni kazi mpya kwa betri, na ukiwa umeacha data ya nje ya nchi imewashwa na salio linaondoka. Mi nilichofanya nimeingia kwenye setingi, mitandao ya simu, nikatoa ile ya kuchagua mtandao yenyewe, nikachagua wa kwangu kwa mkono. Na kule ambako 4G ni ya kubahatisha naweka 3G tu, picha inapita, taratibu lakini inapita. Usiku wa giza tukishatoka kuvua, ikifika sehemu mtandao hamna kabisa naweka alama ya ndege mpaka tunaporudi alfajiri, nikifika mwaloni naitoa. Kabla sijajua haya nilikuwa naondoka na 100 saa 11 jioni nakuta saa 8 usiku imekufa, na ziwani simu iliyokufa ni hatari, upepo ukibadilika huna wa kumpigia.

Mwalimu wa Kaliua
Nawasalimu kutoka mkoa wa jirani. Mimi naongezea chaguo la tano ambalo mama hajalitaja: kitochi. Huku kwetu kijijini umeme ulichelewa, nilikuwa nachaji kibandani 500 kwa siku, piga hesabu ni 15,000 kwa mwezi, miezi miwili na siku kama kumi ni hiyo pawa benki. Nikanunua kitochi kipya, laini ya kupokelea hela na ya simu za kawaida nikaihamishia humo, simu kubwa nikaachia laini ya bando pekee. Kitochi betri yake ndogo, hata 1,000 mAh wakati mwingine, lakini kinakaa siku nne maana kioo ni kidogo na hakina apu za kuongea na intaneti usiku kucha. Hata simu kubwa ikizima mteja bado anakupata na hela inaingia.

Kuhusu sola, kama kuna anayewaza kuchaji simu moja kwa moja kwenye kipaneli kidogo, mimi nilifanya na sikushauri. Wingu likipita umeme unakatika, likiondoka unarudi, kila mara kioo kinawaka, na simu yenyewe iko juani inaungua. Joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine chochote. Chaji pawa benki kwa sola, tena paneli iwe juani na pawa benki iwe kivulini, halafu simu ichajiwe jioni.

Dogo Bangwe
Mi nilifundishwa simu mpya uichaji masaa 8 kwanza ndo betri inakuwa na nguvu, na uiache mpaka izime kabisa ndo uchaji, na kila saa ufute apu zote zilizo wazi. Mama jaribu hivo kwanza.

Fundi Mwanga
Dogo hizo mbili za kwanza zilikuwa kweli enzi za betri za nikeli, zile za zamani. Lithiamu haitaki. Kuiachia mpaka sifuri kila siku kunaichosha, na kuishikilia kwenye 100 ikiwa na joto nako kunaichosha, yenyewe inapenda kukaa kati ya 20 na 80. Simpi mtu sheria ya kukimbizana na asilimia, mfanyabiashara anayetoka alfajiri aijaze tu, ila asiichaji chini ya mto wa kulalia.

Na hiyo ya kufuta apu kila saa inaongeza matumizi badala ya kupunguza. Apu uliyoiacha imelala haili kitu cha maana, ukiifuta ukaifungua tena inaanza kujipakia upya toka mwanzo. Cha kufanya ni kuingia setingi, betri, matumizi, uone nani yuko juu kwenye orodha. Ukikuta apu ambayo hujaifungua siku nzima imekula asilimia 15 huyo ndiye wa kumzuia asifanye kazi chinichini, au wa kumtoa kabisa.

Kioo nacho. Mama yuko mchangani juani, simu inajipandisha mwanga mpaka mwisho yenyewe, pale hamna namna maana lazima aone, ila apunguze muda wa kujizima uwe sekunde 30. Watu wanasema weka rangi nyeusi, hiyo inasaidia kwenye vioo vya AMOLED ambavyo kila kidoti kinajiwakia chenyewe. Simu nyingi za bei yetu ni LCD, nyuma kuna taa moja inawaka muda wote, ukiweka nyeusi umebadili sura tu.

Mama Dagaa Kibirizi
Nimerudi wakuu, siku nne zimepita nilitaka nije na namba. Usiku wa kwanza na alama ya ndege, 100 mpaka 97. Usiku wa pili laini mbili na data, hapa hapa nyumbani, 100 mpaka 88. Alhamisi nikaenda Mwamgongo bila kubadili kitu, nilikuwa naandika kwenye daftari la mzigo kila saa, saa 8 mchana nikakuta 19. Nikaishika, ina joto kama alivosema mvuvi na nilikuwa nimepiga simu mbili tu.

Leo nimefuata yote. Laini ya pesa nimeihamishia kwenye kitochi cha binti yangu, mtandao nimechagua kwa mkono, nimeweka 3G, na ndani ya boti nikaweka alama ya ndege mpaka tulipotia nanga. Saa 8 mchana, 63. Nimetuma picha za dagaa kumi na mbili na voisi sijui ngapi. Nilikaa kwenye ukingo wa boti naiangalia ile 63 mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini.

Fundi Mwanga
Betri yako nzima mama. 97 kwa usiku mzima na hiyo 63 ya leo ni jibu tosha. Hiyo 25,000 usinipe mimi wala fundi mwingine yeyote, na simu mpya ingekaa kijiti kimoja kile kile ikapiga kelele ile ile, hiyo 1,000 ya ziada ingeishia kwenye kutafuta mnara. Siku itakapoanza kuruka asilimia ndo uje, na ukija uliza betri imetengenezwa lini, maana hata iliyokaa kwenye boksi dukani inazeeka, na ukiona saizi ni ile ile ya zamani ila imeandikwa namba kubwa kuliko ya kiwandani, hiyo karatasi inadanganya.

Kijana wa Ujiji
Kwahiyo pawa benki yangu imekataliwa?

Mama Dagaa Kibirizi
Hapana mwanangu, hiyo nanunua mwisho wa mwezi. Kuna siku boti inachelewa au ziwa linachafuka tunalala huko huko, na huko umeme wa kuchomeka siupati. Ila kitochi nakinunua kesho maana binti anadai chake.

Mvuvi wa Giza
Pawa benki uifunge kwenye mfuko wa nailoni mara mbili dada, maji ya ziwa yakiingia kwenye ile tundu ya waya imekwisha. Na ukirudi Kibirizi usisahau kurudisha 4G, mi nishakaa wiki nzima nalalamikia bando kumbe nimeiacha kwenye 3G.