Gari la Theluji: gumzo la kikundi cha "Nyumba ya Shela, Malindi"

Fahmi (Minneapolis, Marekani): Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Kile kigari chetu kimechoka na baridi ndiyo hiyo yaja. Tunatafuta gari la familia, lililokwisha tumika, lisilotuadhiri kwenye theluji, na msimu wa joto livute kimashua changu cha aluminiamu mpaka ziwani. Nipeni shauri.

Ami Athman: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Land Cruiser. Tumemaliza.

Swaleh: 😂 Ami hata bei hajauliza.

Ami Athman: Bei ya nini? Njia ya Garsen kabla haijatiwa lami, masika yakishika, ni gari gani lililokuwa likifika Mokowe?

Fahmi: Ni kweli Ami. Ila huku ilitoka sokoni baada ya 2021, ikarudi na modeli ya 2024, ile ambayo nyinyi huko mwaiita Prado. Hata ikiwa imetumika, mfuko wangu haufiki.

Swaleh: Basi Subaru. Forester au Outback. Magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, wala huna haja ya kubonyeza kitu.

Shangazi Rukia (Amu, yaani Lamu): Subaru si yale ya vijana yanayolia kama bunduki usiku wa manane?

Swaleh: Hayo wameyachezea ekzosi, Shangazi. Likitoka kiwandani ni pole kabisa.

Fahmi: Hesabu yangu ni hii. Mashua, injini yake na trela ni kama kilo 600. Tia petroli, nanga, makoti ya kuokolea na mazagazaga ya watoto, sema 700. Sasa vitabu vya magari ya soko la Marekani: Forester ya kawaida ya miaka hii ya karibuni inaruhusiwa kuvuta kilo 680. Imetoka. RAV4 ya haibridi (petroli na umeme), kama 790. Inapita, lakini imebana. Outback ya injini ya lita 2.5, kilo 1,225. Highlander ya petroli, 2,268.

Ami Athman: Highlander ndiyo ipi?

Swaleh: Ndiyo Kluger, Ami. Na wewe Fahmi, acha vitabu. Forester hapa Watamu zavuta boti kubwa kuliko hiyo.

Fahmi: Kila soko lina kiwango chake, gari hilohilo. Huku nikizidisha kisha nipate ajali, bima watanifungulia kitabu. Halafu kuna uzito unaolalia ndoano ya nyuma, asilimia 10 mpaka 15 ya mzigo. Kwangu ni kilo 70 mpaka 105, na huo unahesabiwa pamoja na abiria na mizigo ya ndani.

Mwanaisha (Minneapolis): Naomba na mimi niseme, kwa sababu mashua huvutwa siku chache za joto, lakini watoto nawapeleka shule mimi miezi yote ya theluji. Mnaongea injini na ndoano, hakuna aliyetaja tairi.

Ami Athman: Sema mwanangu.

Mwanaisha: Magurudumu manne yakivuta yanakusaidia kuondoka. Kusimama hayakusaidii. Kila theluji ya kwanza ikianguka utayaona magari makubwa ya fowili yamelala mtaroni, wenyewe walijiona mashujaa. Mpira wa tairi ya kawaida unaanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, na huku Januari twashinda chini ya sifuri. Tairi za baridi mpira wake ni laini, na ubavuni zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Zote nne, si mbili. Kwa hiyo bei ya gari lolote mtakalosema, ongezeni hizo.

Swaleh: Hapo sina la kujibu.

Shangazi Rukia (Amu): Mashallah. Mimi nasikiliza tu, mtaani kwetu ni punda. Ati Fahmi, ni kweli huko watu hupita na gari juu ya ziwa?

Fahmi: Kweli Shangazi, kuvua samaki. Barafu ikifika sentimita 28 hivi ndipo gari la kiasi hiki linapita, na serikali ya jimbo yenyewe husema hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Shangazi Rukia (Amu): Basi usithubutu. Endelea Kaka.

Ami Athman: Hizo barabara, barafu wanaiyeyusha na nini?

Fahmi: Chumvi, Ami. Wanamwaga msimu mzima.

Ami Athman: Ala! Mbona hukusema tangu mwanzo? Mimi nimebeba chumvi ya Gongoni na Marereni mpaka nikastaafu, hilo nalijua. Lori juu linang'aa, chini limeliwa. Rangi isikudanganye. Lipandishwe juu, ulale chini yake na tochi. Tazama mabomba ya breki kwanza, yale membamba ya chuma, maana yakitoboka huna breki. Kisha pale springi na shokamzoba zinaposhikilia bodi, na kingo za ndani za matao ya magurudumu. Gonga na bisibisi. Likilia kavu, sawa. Likizama, ondoka, hata akikupunguzia nusu. Na ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya jana, jiulize anaficha nini.

Mwanaisha: Ami, hii naihifadhi.

Ami Athman: Ukishanunua, lioshwe uvunguni kila mara baridi ikilegea, na lipakwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya msimu. Sisi tulipaka oili chafu, lakini huko nasikia ni haramu kuimwaga ovyo.

Fahmi: Kuna mafuta maalumu. Sasa zimebaki mbili: Outback ya 2021 na Highlander ya 2020. Highlander ina safu tatu za viti, Outback mbili.

Swaleh: Highlander. Mama akija mtakaa wapi?

Mwanaisha: Watoto wawili, mama mmoja, sisi wawili. Watano, Outback inatosha. Ile nyingine yanywa mafuta zaidi na bei yake imezidi kwa fedha ya tairi zote na baki. Kuvuta kilo 2,268 kwa mashua ya 700 ni kununua sufuria ya harusi kupikia chai.

Fahmi: Mwenye gari ameshasema. Jumamosi saa tatu asubuhi fundi analipandisha juu, fundi wangu, si wa muuzaji. Kwenu itakuwa saa kumi na mbili jioni.

Ami Athman: Hapo najitayarisha kwa Maghribi. Nitumie picha za uvunguni, mabomba ya breki karibu kabisa. Nitazitazama nikitoka msikitini, na usitoe hata shilingi kabla sijajibu.