Mjadala: Hatia ya Ujerumani inawalinda Wayahudi, au inawatakasa Wajerumani?

MLETA MADA

Wadau, hamjambo. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka mezani.

Tarehe 18 Machi 2008 Angela Merkel, wakati huo Kansela wa Ujerumani, alisimama Knesset, Bunge la Israel, akasema usalama wa Israel ni sehemu ya Staatsräson ya nchi yake. Maana yake ni kwamba hilo si suala la chama hiki au kile. Ni la dola yenyewe. Dola hiyo ndiyo iliyowaua Wayahudi milioni 6, kwa hiyo kauli yake inaeleweka imetoka wapi. Mimi nahoji yaliyofuata.

Mei 2019 Bundestag, Bunge la Ujerumani, ilipitisha azimio kwamba hoja na mbinu za BDS, vuguvugu la kuisusia Israel, ni za chuki dhidi ya Wayahudi. Azimio si sheria. Lakini mkuu wa jumba la sanaa anayeishi kwa ruzuku ya serikali akilisoma anaona onyo. Mwaka uliofuata Achille Mbembe, msomi wa Cameroon, akaalikwa kufungua Ruhrtriennale, tamasha la sanaa huko Ujerumani. Wakosoaji wakafukua maandishi yake, wakakuta ameutaja ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini karibu na mauaji ya Wayahudi, na Israel ameisema vikali. Felix Klein, mjumbe wa serikali wa kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi, akasema hafai kulifungua. Tamasha likafutwa kwa sababu ya korona, ila tuhuma zikabaki zimemganda mtu.

Desemba 2023 ikawa zamu ya Masha Gessen, mwandishi Myahudi ambaye ndugu zake waliuawa na Wanazi. Alikuwa apewe tuzo yenye jina la Hannah Arendt, mwanafikra Myahudi aliyewakimbia Wanazi, mjini Bremen. Kwa kuwa aliandika akiifananisha Gaza na mageto, yaani mitaa walikofungiwa Wayahudi chini ya Wanazi, wakfu wa Heinrich Böll, mshirika katika tuzo hiyo, ukajitoa, na hafla ikafanyika mahali padogo. Unaweza kuupinga mfano wake, hata mimi una sehemu zinanikwaza. Lakini tazama nani anamfundisha nani uchungu wa Wayahudi.

Halafu tarehe 7 Novemba 2024 likaja azimio jingine, zito zaidi, la kuzuia fedha za umma zisiwafikie wanaoeneza chuki hiyo au kuunga mkono BDS. AfD, chama cha siasa kali za kulia, nao walipiga kura ya ndiyo. Hao ndio ambao mwaka 2018 kiongozi wao mmoja, Alexander Gauland, aliuita utawala wa Hitler kinyesi cha ndege tu katika historia ya Ujerumani ya zaidi ya miaka 1,000. Mtu wa kauli hiyo akipata nafasi ya kunyoosha mkono upande wa Wayahudi bila kulipa chochote, azimio hilo linamsafisha nani? Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI, BERLIN

Kaka yangu, nimekusoma hadi mwisho na mengi nakubali. Ila umeandika kana kwamba hatia hii Wajerumani walizaliwa nayo. Ilipiganiwa mpaka wakaikubali.

Hans Globke, mmoja wa walioandika ufafanuzi wa sheria za Nuremberg, sheria za Wanazi za kuwabagua Wayahudi, ndiye aliyeongoza ofisi ya Kansela Adenauer kuanzia 1953 hadi 1963. Kesi ya watumishi wa kambi ya mauaji ya Auschwitz mjini Frankfurt ilianza mwishoni mwa 1963 kwa sababu mwendesha mashtaka mmoja Myahudi, Fritz Bauer, aliikazania nchi ikiwa imechoka kusikia. Kansela Willy Brandt alipopiga magoti Warsaw, Poland, mwaka 1970 mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi, jarida la Der Spiegel likauliza wananchi: asilimia 48 walisema amepitiliza, 41 wakasema sawa.

Mtaani kwangu kuna vibamba vya shaba vya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kila kimoja sentimita 10 kwa 10. Vinaanza kwa maneno "Hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alikopelekwa, neno "aliuawa". Kila Novemba wanakuja watu na sponji, wanapiga magoti kwenye baridi na kuvisugua mpaka ving'ae. Ili usome jina, lazima uiname. Msanii Gunter Demnig alipovianza Berlin mwaka 1996 hakuwa hata na kibali.

Na hofu ya Wayahudi hapa si hadithi. Mjini Halle, Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu takatifu ya Wayahudi, watu zaidi ya 50 waliokuwa ndani ya sinagogi waliokolewa na mlango wa mbao ambao muuaji, Mjerumani wa siasa kali za kulia, alishindwa kuuvunja. Akawaua wawili nje. Oktoba 2023 sinagogi la Brunnenstraße hapa Berlin lilirushiwa chupa za petroli. Björn Höcke wa AfD alishataka kumbukumbu hizi zigeuzwe digrii 180, na Februari 2025 chama chake kilipata asilimia 20.8. Ukiidhoofisha hatia hii leo, watakaoshangilia ni wao.

MCHANGIAJI, SONGEA

Habari zenu ndugu zangu. Nasema machache. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa kwetu, akainama penye kaburi la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Nilimwamini, yule mzee hakuwa anaigiza. Lakini kichwa cha Nduna familia inakitafuta hadi leo. Na Januari 2024 Namibia, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908, iliishutumu Berlin kwa kuitetea Israel katika kesi ya mauaji ya kimbari Gaza iliyofunguliwa na Afrika Kusini kule The Hague. Ukiomba msamaha kwa watu, basi ukubali pia wakuambie kitu usichopenda kusikia.

MLETA MADA

Dada wa Berlin, hapo kwenye Brandt umenigusa. Sikuwa nimelipima hivyo, na nafuta maneno yoyote yaliyosikika kama hatia yenyewe ni mzigo wa kutua. Lakini hebu nijibu: hao uliowaona wanasugua shaba, wamo Wayahudi? Wanasemaje kuhusu hilo azimio?

MCHANGIAJI, BERLIN

Yumo mmoja, jirani yangu, mama wa makamo. Nilimuuliza mwaka jana tukiwa tumepiga magoti wote wawili. Alisema binti yake ameacha kuvaa mkufu wa nyota ya Daudi akipanda treni. Na binti huyohuyo ameacha kwenda kwenye maandamano ya kupinga vita Gaza, asije akaitwa adui wa Wayahudi na mwalimu wake Mjerumani.