Wakuu naombeni ushauri: nimeonyesha PK bandani, mtaa umenigeuka

Fundi_Deki (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Nina banda umiza huku mkoani, kiingilio 500, mpira wa Ulaya na Kihindi kilichotafsiriwa. Wiki juzi niliweka PK, ile filamu ya Kihindi ya Aamir Khan ya mwaka 2014. Tangu hapo sina amani. Mzee wa kanisa anapita nyumba kwa nyumba anasema namtukana Mungu. Ustadhi naye kasema vilevile. Hawa wawili hata mtaro wa maji taka hawajawahi kukubaliana uchimbwe wapi, kwangu wameungana!

Filamu haimtukani Mungu. Jamaa katoka sayari nyingine, kaibiwa rimoti ya chombo chake, kila anayemuuliza anamjibu "Mungu ndiye anajua". Basi anamtafuta Mungu kweli, hekaluni, kanisani, msikitini. Anachogundua ni kwamba hawa madalali wanaotupigia simu kwake wanakosea namba. Dhambi iko wapi? Nipeni hoja za kuwajibu, Jumapili hii nairudia.

Kihindi_Damu:
Mkuu hayo yalianzia kwao India. Ahmedabad walivamia majumba ya sinema, mabango yakachanwa. Wakati huohuo Uttar Pradesh ikaiondolea kodi ili watu wengi waione. Kabla haijatoka kuna mtu alikwenda Mahakama Kuu kabisa ya nchi kwa sababu ya lile bango la Aamir yuko uchi na redio, akaambiwa kama hupendi usiangalie. Mpe mzee wa kanisa jibu hilo. Ila kwangu mimi filamu ya OMG ya 2012 ndiyo baba lao. Duka la jamaa anaitwa Kanji linabomoka kwa tetemeko, bima wanagoma kulipa, wanasema ni kazi ya Mungu. Anampeleka Mungu mahakamani!

Mama_Subira:
Vijana mnacheza na moto. Imani ya mtu iacheni. Mngekuwa na akili mngeonyesha watoto masomo.

Utingo_Mstaafu:
Mnanikumbusha Loliondo 2011, watu walipofurika kijiji cha Samunge kunywa dawa ya Babu. Nilikuwa utingo wa Land Cruiser, kikombe 500, nauli usiulize. Foleni tumelala siku tatu porini na wagonjwa. Mimi nilikuwa mzima wa afya na nikanywa, nani akubali kufika Samunge arudi hivihivi? Ilikuwa chungu.

Nesi_wa_Zamu:
Mleta mada, mtaa haumgeuki mtu kwa sinema. Mtaa huohuo unaangalia watu wakichinjana kila Ijumaa bandani kwako. Umefanya nini kingine?

Fundi_Deki:
Kuna kitu kidogo, sikuona umuhimu wa kukitaja. Kwenye filamu kuna sehemu jamaa anapaka jiwe rangi nyekundu, analiweka chini ya mti chuoni siku ya mitihani, na visarafu pembeni. Wanafunzi wanasujudu na kuacha hela. Nikasema nijaribu kwetu. Nikajaza chupa 24 maji ya bomba, nikabandika stika MAJI YA UPAKO, nikaziacha alfajiri kwenye benchi nje na bakuli lenye elfu mbili yangu. Sikumwambia mtu neno. Saa nne chupa zimeisha, bakuli lina 31,500. Nilitaka niwaonyeshe baada ya filamu tucheke wote.

Chizi_Fresh:
Kumbe mtume tunaye humu na hatujui 😂 Tawi la Dar linafunguliwa lini?

Nesi_wa_Zamu:
Mlicheka? Hela iko wapi? Na maji yalichukuliwa na nani?

Fundi_Deki:
Hatukucheka, sijasema bado. Hela nililipia kisimbuzi, ningemrudishia nani wakati hawakuandika majina? Mama wa mchumba wangu alichukua chupa mbili. Jumapili iliyopita akasimama kanisani akashuhudia presha imekwisha. Dada, najua utauliza. Ndiyo, vidonge ameacha. Ila yuko vizuri, jana kafua nguo za nyumba nzima. Posa nimeshapeleka, nikisema leo namdhalilisha mbele ya kanisa. Nimepanga Jumapili aje aangalie filamu, ataelewa mwenyewe taratibu.

Kihindi_Damu:
Unaitetea PK halafu umejigeuza Tapasvi Maharaj, yule kiongozi wa dini tapeli wa humo kwenye filamu? Yule naye alikuwa na rimoti ya mwenzake mkononi, anawaambia watu imetoka kwa mungu wao Shiva.

Mama_Subira:
Nilisema mimi.

Mzee_wa_Shaka:
Chai hii, na sukari imezidi. Jiwe limegeuka chupa, chuo kimegeuka benchi, hadithi ni ileile ya sinema. Halafu Bongo hii, mkoani, bomba gani linatoa maji alfajiri? Chupa 24 saa ngapi zimejaa? Mods fungeni uzi.

Utingo_Mstaafu:
Kwetu bomba linatoka saa tisa usiku tu, hapo simpingi mleta mada.

Fundi_Deki:
Mkuu ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri. Maji yalikuwa ya pipa, bomba nimesema kwa mazoea.

Mzee_wa_Shaka:
Sasa ni pipa. Kesho itakuwa kisima.

Nesi_wa_Zamu:
Chai au kahawa, nyie endeleeni. Mimi nasema na mwenye huyo mama. Presha haina kelele. Mtu anafua leo, kesho mdomo umeenda upande. Moshi 2020 watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mafuta ya upako, na wale angalau hakuna aliyekuwa anawafanyia majaribio. Usingoje Jumapili. Nenda usiku huu, umwambie yeye peke yake, kanisa halihusiki. Vidonge anavyo bado?

Fundi_Deki:
Mchumba anasema viko kabatini, kopo halijafunguliwa tangu Jumatatu.

Chizi_Fresh:
Mahari itapanda hiyo.

Fundi_Deki:
Niko nje ya geti lao. Taa ya sebuleni inawaka. Niingie na nini, chupa au mikono mitupu?

Utingo_Mstaafu:
Ingia na 29,500. Elfu mbili ni yako.