Imeili elfu mbili kwa usiku mmoja, nifanyeje?

Muuza Leso: Jamani nisaidieni, nauza leso Mwembe Tayari na oda za jumla huja kwa imeili, sasa tangu jana naletewa imeili za mitandao hata siijui, boksi limejaa, oda za wateja zinarudi, wallahi nimechoka.

Kijana wa Likoni: Pole dadangu. Kabla hujafuta chochote angalia akaunti ya benki SASA HIVI, wezi hukumwagia hivyo makusudi ili ile taarifa ya pesa kutoka izame humo usiione.

Mama Swabra: Kweli mwanangu. Na Gmail ya bure ni GB 15 pamoja na picha, ikijaa hupokei kitu.

Muuza Leso: Yallah, kuna mtu amebadilisha paswedi ya benki usiku! Nakimbia benki.