Mashine ya kupasulia imenirushia mbao ya mninga, nusura iniue. Kosa liko wapi?

FundiIsevya: Habari za jioni wakuu. Niko Tabora, nina karakana ndogo ya vitanda na milango. Nilinunua mashine ya kupasulia iliyotengenezwa na mafundi wa kuchomelea, mota ya fezi tatu, msumeno wa inchi 12. Juzi napasua mninga wa futi nne, nautaka upana wa inchi mbili. Ikiwa imebaki kama shubiri kumalizika, mbao ikanyanyuka kwa nyuma, ikarudi kama mshale. Ikanipita ubavuni ikatoboa bati la ukuta. Mtoto wa dada yangu anajifunza kazi kwangu, na hupenda kusimama nyuma yangu aone vizuri. Siku hiyo nilikuwa nimemtuma misumari. Tangu juzi sijaiwasha. Glavu nilikuwa nimevaa, na msumeno nimeunoa wiki iliyopita.

SeremalaMwanga: Pole sana kaka, na mshukuru Mungu. Hebu iokote hiyo mbao uigeuze. Kwa chini kuna mkwaruzo uliopinda kama mwezi mwandamo? Na ubavu uliopita kwenye msumeno una weusi?

FundiIsevya: Vyote vipo mkuu. Mkwaruzo mmoja, mrefu kama kiganja. Weusi si wa mbao hii tu, wiki nzima zinatoka na michirizi ya kuungua. Nilidhani msumeno ni butu, ndiyo maana nikaunoa.

SeremalaMwanga: Basi si ubutu. Meno ya mbele yanashuka, yanaikandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikibanwa kati ya kiegemezo, ile reli ya mezani unayoegemezea mbao ukipasua, na nyuma ya msumeno, meno yanayopanda yanaichota na kukurushia wewe. Msumeno wa inchi 12 ukizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 160 kwa saa. Hakuna wa kuikwepa. Sasa kata umeme kabisa, chagua jino moja mbele, pima kutoka hapo hadi kiegemezo. Kisha zungusha jino hilohilo kwa mkono mpaka nyuma, upime tena. Liwe hilohilo, maana meno hayalingani.

FundiIsevya: Mbele milimita 51. Nyuma 49.

SeremalaMwanga: Ndiyo hiyo. Mbao ilikuwa inaingia kwenye kabari. Legeza boliti, ukinyooshe kiegemezo mpaka vipimo vilingane. Kama ni lazima kikosee, basi nyuma iwe wazi kwa unene wa karatasi, isiwe imebana hata kidogo. Pia weka kisu cha nyuma, kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno ili njia isijifunge. Kiwe kinene kuliko bati la msumeno, chembamba kuliko njia inayochimbwa na meno. Kifungwe kwenye fremu ya shafti, kisifungwe kwenye meza, ili ukipandisha meza kibaki karibu na meno vilevile.

MzeeWaUrambo: Vijana, mimi nina miaka 22 kwenye mninga na mkurungu. Kisu hicho sijawahi kukiweka. Kazi hii ni umakini.

VidoleVinane: Shikamoo mzee wangu. Umakini nilikuwa nao. Umeme ulikatika katikati ya kazi, swichi nikaiacha imewashwa. Nikaingiza mkono kutoa kibanzi kilichonasa kwenye tundu la meza. Umeme ukarudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia, na siku ile hata sikusikia maumivu kwanza, nilisikia sauti ya mota tu. Ndugu FundiIsevya, kabla ya vyote weka swichi inayojizima umeme ukikatika, isiwake mpaka uibonyeze upya. Na glavu vua. Najua vibanzi vya mninga vinachoma, lakini jino likinasa kitambaa linavuta mkono wote. Tumia kijiti cha kusukumia, kichonge pengo mbele kama mdomo wa ndege ili kishike kona ya mbao. Usisukume kwa kidole mahali palipobaki inchi mbili.

MzeeWaUrambo: Marahaba mwanangu. Pole sana. Swichi ya hivyo sina, na huku umeme unakatika mara kwa mara. Kesho namwita fundi umeme.

SeremalaMwanga: Nyongeza: msumeno usichomoze zaidi ya urefu wa jino juu ya mbao. Na vumbi la mninga si la kuvumilia, linawasha pua na kifua, vaa barakoa.

FundiIsevya: Nimenyoosha kiegemezo, sasa ni 51 na 51. Bati la msumeno ni milimita 2.2, njia yake 3.2, kwa hiyo natafuta chuma cha 2.5. Wa kuchomelea ana cha 2 na cha 3 tu. Hicho cha 3 kikisuguliwa kidogo kitafaa?

SeremalaMwanga: Kitafaa, ila kisugue pande zote mbili sawasawa na ukijaribu kwenye kipande cha mbao laini kwanza. Kijana asimame wapi umeshamwambia?

FundiIsevya: Nimechora mstari wa chokaa sakafuni, kuanzia mashine hadi ukutani kwenye lile tundu. Hakuna wa kusimama hapo, mimi mwenyewe nasimama kushoto kwake.